Linatembea Si Limepona: Miaka Thelathini na Miwili ya Mzee Vitus Mponda

Tarehe 30 Juni 2025 Mzee Vitus Mponda anastaafu, baada ya kuitumikia karakana ya ushirika wetu wa wakulima wa mpunga hapa Ifakara kwa miaka thelathini na miwili. Alianza Julai 1993 kama msaidizi wa fundi, na anaondoka akiwa fundi mwandamizi. Alistahili kuondoka akiwa mkuu wa karakana. Hakuupata ukuu huo, na sababu yake naijua mimi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo nitaifikia.

Vituko vyake hatutavisahau. Ushirika uliponunua lori kuukuu la jeshi kwenye mnada, aliagiza kila anayeingia karakana asubuhi aliamkie shikamoo, kwa kuwa lilituzidi wengi wetu umri. Tuliliamkia, hata mhasibu. Kitu kingine, Mzee Vitus hachomelei mkono wa usukani uliovunjika. Ukimwomba auchomelee kidogo tu ufike nyumbani, anakuuliza kama umeshawaaga watoto.

Ana pia maneno mawili kwa gari linalotengenezwa. "Linatembea" maana yake injini inawaka na magurudumu yanazunguka, basi. "Limepona" maana yake yuko tayari kumpandisha mkewe, Mama Kandida, ampeleke kanisani. Mafundi wote wanajua tofauti hiyo. Mimi, ofisa usafirishaji niliyekuja na cheti changu kutoka Morogoro, sikujisumbua kujifunza lugha ya gereji.

Mei 2016 ekseli ya mbele ya lori lile ilikatika, na nyingine ya aina yake haikupatikana. Mzee Vitus akafunga ekseli ya lori la kiraia. Ekseli ilikubali, usukani ukakataa. Mkono wa kwenye gurudumu ulikaa chini mno, hivyo fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani ilishuka kwa mteremko mkali. Kwenye barabara tambarare hakuna shida. Springi zikibonyea kwenye shimo, fimbo inasukuma gurudumu, na lori linakata kona lenyewe wakati dereva ameunyoosha usukani. Dawa yake ilikuwa mkono mwingine, wa kufungwa kwa bolti sehemu ya juu zaidi, ili fimbo ilale sawa. Alikuwa ameshakata kipimo chake kwa kadibodi na kukituma Dar es Salaam, anasubiri chuma.

Huku nyuma mpunga wa wanachama ulikuwa umelala nje katika kijiji cha Kisawasawa, na mvua inanyemelea. Nilimpigia simu kumuuliza kuhusu lori, akajibu kwamba linatembea. Niliandika kibali cha safari bila kuuliza swali la pili, na dereva wetu Beatus akalichukua wakati Mzee amekwenda kula. Shimo la kwanza kubwa lilimtupa mtaroni, mguu wake wa kushoto ukavunjika sehemu mbili.

Kwenye kikao cha uchunguzi nilisema fundi alithibitisha kwamba lori liko tayari. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na niliogopa kufukuzwa kazi. Mzee Vitus alinitazama, akasema tu kwamba neno lile kweli alilitamka. Akapewa barua ya onyo, na mwaka uliofuata ukuu wa karakana ukaenda kwa mwingine kwa sababu ya barua hiyo. Yeye alirudi kwenye lori. Mkono ulipofika aliufunga, akaenda nalo Kisawasawa na kurudi, Mama Kandida akiwa pembeni yake. Lori hilo linabeba mpunga mpaka leo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake nikakiri. Nilitarajia anigombeze, na ningefurahi kama angenigombeza. Badala yake alinikaribisha wali kwa samaki wa kitoga. Akaniambia kuwa cheo kimeshapita na kila mtu ana riziki yake, ila kuna jambo moja linamnyima raha. Beatus ni jirani yake, wanasali jumuiya moja, na kwa miaka tisa Beatus anaitikia salamu ya Mzee bila kumtazama usoni.

Bodi imekwisha kuiondoa barua ya onyo kwenye jalada lake. Hilo lilikuwa jepesi. Miaka tisa sina namna ya kuirudisha, na ninajuta.

Beatus, nimeomba ualikwe leo ili usikie kutoka kwangu. Mzee Vitus hakukupa lori bovu. Alikuwa bado analitengeneza, na mimi ndiye niliyelitoa mikononi mwake.

Mzee Vitus, nakuomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa ulilaumiwa mbele ya watu. Asante kwa kila safari tuliyorudi salama bila kujua kwamba ni wewe uliyeturudisha. Shamba lako la Katindiuka likuzalie, afya isikupungukie wewe na Mama, na leo sherehe ikiisha, jirani yako akusindikize mpaka nyumbani.

Paulina, Ofisa Usafirishaji