Uso wa Harusi ya Mwanangu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, kina mama mliokaa mkekani na nyinyi mliokosa nafasi mkasimama mlangoni! Assalaam alaykum. Mimi naitwa Moinaesha, natoka Mahajanga, Madagaska. Kiswahili changu msikicheke sana. Kwetu mitaani ni Kimalagasi, nyumbani ni Kikomoro, na hiki nimekiokota hapa Mombasa kwa dada yangu aliyeolewa huku, kila nikija kumtembelea. Jana kaniambia nisimame niwaambie wenzangu aliyonitendea Mungu. Nimesimama, lakini sikuja na maneno matamu.

Ndugu zangu, ndani ya kifua hiki mna moyo wa mtu mwingine. Msishtuke! Ni kweli.

Niliondoka Mahajanga nikiwa na mimba changa, miaka ya sabini ikielekea kwisha, wakati Wakomoro tulipopigwa na majirani tuliokuwa tukila nao. Mume wangu alikuwa seremala. Tukaenda kisiwa cha Nosy Be, tukakaa kijiji cha Andilana, na huko nikamzaa Zalihata, mtoto wangu wa pekee. Baada ya miaka tukarudi Mahajanga, mtaa wa Tanambao, kwa watu walewale, tukaamkiana kama hakuna kilichotokea. Nilimeza mengi, ndugu zangu. Kilichonishinda kumeza ni dawa.

Moyo ulianza kuchoka Zalihata akiwa msichana wa shule. Kutoka jikoni hadi uani lazima nikae njiani. Miguu ikavimba, nikawa silali ila nimekaa. Kaka yangu anayeishi Ufaransa alihangaika na karatasi mpaka nikapelekwa huko, wakanifungua kifua, wakautoa moyo wangu, wakaweka wa mtu aliyekwisha kufa. Nilipozinduka nikavuta pumzi ikaingia yote. Allahu Akbar! Nililia kama mtoto.

Daktari alinieleza polepole, na kaka akinifasiria. Alisema mwili unamjua mgeni, na utaupiga vita moyo huu maisha yangu yote. Dawa ndiyo inayouzuia. Saa moja asubuhi, saa moja jioni, kila siku, mpaka kufa. Akaniambia na jambo jingine, ambalo nililisahau kwa makusudi: moyo wa kupewa ukishambuliwa hauumi, kwa hiyo nisingoje maumivu.

Nikarudi nyumbani na chupa zangu. Nyingine kaka akawa ananitumia kwa wasafiri, hazikupungua hata mara moja. Nasema hivyo ili mtu asije akanitetea kwamba dawa zilikosekana. Zilikuwepo!

Lakini dawa moja kati ya hizo, kina mama! Ilikuwa mafuta yananuka, unayachanganya na maziwa, unameza huku umeziba pua. Fizi zikavimba zikatoa damu. Mikono ikatetemeka, nikimwaga chai wageni wanatazama pembeni. Uso ukawa mviringo. Kisha zikaota nywele. Mashavuni, kidevuni, juu ya mdomo. Mimi, mwanamke niliyesifiwa mji mzima, nikaota ndevu! Mume wangu akaacha kunitazama tukila.

Kwetu wanawake tunasaga kijiti cha liwa juu ya jiwe, tunajipaka usoni tunapotoka juani. Mimi nikawa najipaka asubuhi hadi jioni, nene, mpaka shingoni. Watu wakadhani najitunza. Chini yake nilikuwa nalia.

Ndipo Zalihata akaposwa. Sasa sikilizeni mila yetu. Siku ya kina mama, mama wa bibi harusi huketi mbele ukumbini, uso mtupu umeoshwa, dhahabu shingoni, na kila mwanamke anapita kumtazama. Huwezi kukaa pale na liwa. Wifi yangu Hadidja alikuja siku moja, akanitazama kidevu kwa karibu, akasema, "Wifi, kwani siku hiyo atakaa nani badala yako?"

Hakutukana. Aliuliza tu. Lakini neno lile lilinichoma kuliko kisu cha daktari.

Siku ya pili yake nikaacha ile dawa inayootesha ndevu. Nikajidanganya kwamba nyingine naendelea nazo, na kwamba Mungu aliyenipa moyo hatashindwa kuulinda wiki chache. Ndugu zangu, nilimtumia Mungu kama pazia! Chupa zake nikazifukia ndani ya debe la mchele, na kila ifikapo saa moja naingia jikoni, nagonga kijiko kwenye glasi ili Zalihata asikie.

Na nikapendeza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ningeumwa siku ile ile, ningerudi mbio kwenye dawa. Lakini mikono ikatulia. Nywele zikapungua, zilizobaki nikazinyoa. Uso ukakaa sawa. Majirani wakanisimamisha njiani: "Umerudi msichana, wewe!" Mume wangu akanitazama tena, akanichekea kwa mapenzi. Nani angerudi kwenye kile kikombe? Nilipoanza kuchoka nikasema ni shughuli za harusi. Miguu ilipojaa nikasema ni kusimama jikoni.

Nilikaa ukumbini, kina mama. Nilikaa mbele, uso mtupu, na vigelegele vikapigwa. Walipita mmoja mmoja kunitazama. Nimeuona ulimwengu wote siku hiyo, na haukuwa na thamani yoyote.

Kwetu bwana harusi huingia nyumbani kwa mke, na maharusi hukaa ndani siku saba bila kutoka nje. Siku ya nne nilikuwa napakua chakula chao, sahani ikaniponyoka, nikaanguka. Pumzi haingii. Zalihata akatoka chumbani na hina yake mikononi, mbele ya wageni wote, akatafuta dawa zangu kila mahali. Akazikuta zile chupa kwenye mchele, hazijafunguliwa. Akanipigia magoti akasema, "Mama, mimi nilikuomba uso wako?"

Nikaufunika uso huo kwa kanga.

Ikabidi nipelekwe kisiwa cha Reunion, kwenye hospitali yenye madaktari wa moyo. Kifaransa changu ni cha kuulizia mkate, mume wangu hajui hata hicho. Aliyekijua ni Zalihata. Mama mkwe wake akasimama mlangoni akasema bibi harusi akitoka siku ya nne asirudi kuitwa mke wa mwanawe. Zalihata akampita. Tukapanda ndege uwanja wa Amborovy, yeye bado na nguo za harusi.

Daktari alikuwa mwanamke. Akaniuliza kama nilimeza dawa zote. Nikajibu, "Nilimeza zote." Nafa, ndugu zangu, na bado nasema uongo! Zalihata ndiye aliyetakiwa kuupeleka uongo huo kwa Kifaransa. Akamgeukia daktari akasema maneno mengi kuliko yangu, na daktari akaacha kuandika. Nikajua amesema kweli.

Hapo ndipo roho yangu ilipofunguliwa. Hata sindano sijadungwa bado. Nilihisi aibu imenitoka yote, ile ya ndevu na ile ya uongo, sina tena cha kuficha. Nikaomba toba palepale kitandani. Nikamkumbuka kwa mara ya kwanza yule marehemu, na watu wake waliokubali atolewe moyo wakati machozi hayajakauka. Sijui majina yao. Moyo wa mpendwa wao niliuacha upigwe na mwili wangu ili Hadidja na wenzake wanione mzuri! Astaghfirullah! Daktari baadaye alimwambia Zalihata kwamba wengi wanaofika pale nilipofika hawarudi. Mimi Mungu alinirudisha. Alhamdulillahi, na siachi kusema.

Lakini ndoa ya mwanangu haikurudi. Talaka yake ilifika kabla hatujatoka hospitali. Hakuolewa tena. Mume wangu amefariki, na sasa naishi na Zalihata. Ananiwekea kikombe mezani, anasimama mpaka nimemaliza, anakichukua akakioshe. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu.

Ndugu zangu, mtegemeeni Mungu, hatupi mja wake. Lakini mtegemeeni mkiwa mmemeza! Nani humu ana dawa za sukari, za presha, za kifua, amezificha kwa sababu zinamnenepesha, zinamnukisha, zinamfanya acheke na mkono mdomoni? Sikuulizi jina. Nenda nyumbani ukazitoe. Umwambie mtu mmoja ukweli, mmoja tu, kabla mtoto wako hajausema mbele ya daktari.

Nanyi msio wagonjwa, acheni kuwapima wenzenu kwa macho. Mimi na Zalihata tupo hapa Mombasa kwa dada mpaka mwisho wa mwezi. Asubuhi nanyoa ndevu, jioni zimeota, mnaziona. Mkiniona hizi ndevu, mshukuruni Mungu pamoja nami. Na siku mkiniona nimependeza, msinisifu. Nishikeni mkono mnipeleke kwa mwanangu.