Mstari wa Nukta wa Bi Kouraichia

Tarehe 31 Agosti 2014, baada ya miaka thelathini na sita na miezi minne ya kuwachoma watoto sindano na bado kupendwa nao, Bi Kouraichia Mchangama anastaafu katika kliniki yetu ya ini ya watoto hapa Mahajanga. Hiyo miezi minne tumeiandika kwa amri yake. Alianza kazi kisiwani Nosy Be tarehe mosi Mei 1978, sikukuu ya wafanyakazi. Alikuta zahanati imefungwa, akakaa kizingitini mpaka adhuhuri, na kesho yake akakataa katakata kusaini daftari kwa tarehe nyingine yoyote.

Kule Nosy Be alichemsha sindano za kioo, akabembeleza watoto, akatengeneza taa za darubini, na mara kwa mara akasafirisha damu za wagonjwa kuja kupimwa Mahajanga. Safari nzima alilikalia sanduku la barafu, maana abiria wenzake walikuwa na soda za moto na macho ya tamaa. Mwaka 1986 alihamia huku, yeye na sanduku lake. Tangu hapo ametukaripia kwa Kikomoro, akatusamehe kwa Kimalagasi, na barua za kudai friji mpya akaziandika kwa Kifaransa cha kuogofya.

Kazi atakayokumbukwa nayo ilianza mwaka 2003. Wengi wa watoto wetu huambukizwa homa ya ini aina ya B na mama zao wakati wa kuzaliwa. Virusi ni vilevile, lakini mmoja hukua navyo miaka mingi ini limetulia, na mwingine ini huanza kuharibika mapema. Sehemu ya sababu imo katika kile alichorithi kwa wazazi. Ili kulifuatilia jambo hilo tulihitaji miti ya ukoo, na kazi ya kuichora akapewa mwandishi wa mistari hii, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na rula.

Basi mwandishi akaenda mtaa wa Mahabibo, nyumbani kwa Mariyama, ambaye mtoto mmoja wa nyumba yake, Saindou, mwenye miaka tisa, ini lake lilikuwa linaharibika kwa kasi ya kutisha. Akawakuta watoto saba wamezunguka sinia moja la wali. Akauliza watoto wa nyumba hii ni wangapi. Akajibiwa saba. Akachora mistari saba iliyonyooka vizuri sana, kila mmoja na tarehe ya kuzaliwa. Wote wakapimwa, na Mariyama pia: hakuna mwenye virusi ila Saindou peke yake. Mwandishi akafurahi mno kwa muujiza huo, akauandikia kurasa nne za nadharia.

Bi Kouraichia alizisoma zote amesimama, miwani puani. “Mwanangu,” alisema, “huyu Mariyama kajifungua Januari, halafu kajifungua tena Mei mwaka uleule. Andika hiyo. Ini liache kwanza.”

Kurasa nne zikaenda kufungia karanga.

Kosa lilikuwa la adabu zaidi kuliko hesabu. Katika nyumba zile mtoto wa ndugu hulelewa kama wa kuzaa, na kuuliza yupi wa nani, tena mbele ya sinia, ni ufidhuli. Mariyama hakudanganya, aliulizwa vibaya. Bi Kouraichia hakuuliza kitu. Alikwenda alasiri tatu mfululizo, akakuna nazi, akachambua mchele, akasifia mapazia. Alasiri ya tatu Mariyama mwenyewe akamweleza, kwa sauti ya chini, kwamba Saindou ni wa dada yake Hasnati, aliyeko Nosy Be, na aliletwa mjini kwa ajili ya shule. Na je, Hasnati ana mwingine? Anaye: Faouzia, miaka saba, mzima kabisa, anakwea kila kinachokweleka.

Huyo “mzima kabisa” ndiye aliyemnyima Bi Kouraichia raha. Kama mama yao alikuwa na virusi, huenda binti anavyo pia. Na kama amerithi alichorithi kaka yake, basi ini linaweza kuwa linaliwa kimyakimya huku yeye akikwea. Wiki ileile alirudi Nosy Be, amekalia sanduku. Faouzia aliteremshwa kutoka juu ya ukuta ili achomwe. Majibu yalikuwa mabaya kama ya kaka yake, ila yalikuja mapema zaidi. Wote wawili walianza dawa.

Tangu siku hiyo miti yetu ina mistari ya aina mbili, kwa amri ya Bi Kouraichia: mstari mzima kwa damu, mstari wa nukta kwa sinia. Wataalamu wageni waliusifu sana utaratibu huo, kwani watoto wanaoishi pamoja bila kurithi pamoja hutufundisha mengi. Mwandishi alizipokea sifa hizo kwa unyenyekevu mpaka Bi Kouraichia alipokohoa. Na kwa majirani walioogopa kula na Saindou, alikaa mwenyewe kwenye sinia lile, ubavuni mwake, akala hadharani. Mara mbili, kwa sababu wali ulikuwa mzuri.

Bi Kouraichia, unakwenda Boanamary kufuga bata, na tunawaonea huruma bata watakaochelewa kurudi bandani. Asante kwa kila mtoto uliyemtafuta kabla hajaumwa. Uishi kwa afya na raha, na usikalie tena kitu chochote kisicho na mto.

Neno la mwisho. Mwezi uliopita Faouzia, sasa ana miaka kumi na minane na ini limetulia, alijaza fomu yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Penye ndugu wa mama aliandika Mariyama, na chini yake Kouraichia Mchangama. Mwandishi alitoa kifutio. Kisha akakirudisha mfukoni, akachukua rula, akachora nukta.