Bi. Yudith Shemhilu na Swali la Pili

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi. Yudith Shemhilu, Ofisa Ustawi wa Kampuni ya Chai Kwemzitu, anastaafu tarehe 30 Juni 2006. Sisi wa Idara ya Misitu ndio tulioombwa kumwandikia wasifu huu. Aliyetuchagua alijua anachokifanya, kwa kuwa hakuna idara iliyomwonea wivu kama yetu.

Alianza mwaka 1973 akiwa karani wa mizani, akiwapimia wachumaji majani yao, na hata enzi hizo alikuja kazini na kitenge kilichonyooshwa kwa pasi kana kwamba anakwenda harusini. Shamba lilipotoka mikononi mwa serikali na kununuliwa na watu binafsi, wengi walipunguzwa. Yeye alipandishwa cheo. Hilo nalo lilituuma.

Mwaka 2001 mnunuzi wetu wa Ulaya alianza kuyapima mashamba yote yanayomuuzia chai: yanatunzaje mazingira, na yanawatunzaje wafanyakazi. Kwa upande wa mazingira hatukuwa na wasiwasi. Tulikuwa tumepanda miti ya asili kandokando ya kijito, na kuni za kiwanda tulizitoa katika mikaratusi yetu wenyewe, si katika msitu wa hifadhi. Tulipata alama za juu kabisa. Kwa upande wa wafanyakazi kampuni ilianguka, nasi tukaanguka pamoja nayo.

Kosa lilikuwa la adabu. Wakaguzi waliingia nyumbani kwa mchumaji Bi. Mwanaisha siku ya mvua, wakaona sufuria zikikinga matone, wakamuuliza habari za nyumba. Akajibu kwamba ni nzuri. Karibu kila nyumba ya kampuni ilivuja, na kila aliyeishi humo alijibu vivyo hivyo. Wakaguzi wakaandika kwamba wafanyakazi wametishwa ili waseme uongo. Mnunuzi akatupa mwaka mmoja wa kujirekebisha, la sivyo angeacha kununua chai yetu. Meneja akamweleza Bi. Yudith waziwazi kwamba kibarua cha kwanza kuota nyasi kingekuwa chake.

Mtu mwingine angewakaririsha wachumaji majibu. Bi. Yudith alimchukua Meneja, ambaye siku zote alisema hakuna aliyelalamika, akamketisha kwa Bi. Mwanaisha. Huku kwetu hata aliyefiwa huitikia kwanza kuwa habari ni njema, ndipo autaje msiba. Meneja akaambiwa anywe chai, kisha aulize tena.

"Nyumba ni nzuri, bosi," alisema Bi. Mwanaisha, "ila mvua ikinyesha tunahamia kwa jirani, na jirani anahamia kwetu."

Mabati yalibadilishwa kabla ya masika. Wakaguzi waliporudi, nao waliketishwa, wakanyweshwa chai, wakauliza mara mbili. Safari hii Bi. Mwanaisha aliyasifu mabati, kisha akayasema vibaya mabuti ya kazini yanayoingiza maji. Kwa sababu alilalamika, wakaamini sifa zake. Kampuni ikawekwa daraja la kwanza, mabuti yakanunuliwa, na Bi. Yudith akabaki na kibarua chake.

Cheti kilitundikwa ofisini mahali palipokuwa na picha ya kijito chetu. Wageni wakija hupiga picha na Bi. Yudith, miti huipita. Mkuu wetu, Mzee Salimu, hakuvumilia. Alisema kantini, mbele ya watu, kwamba miti imesimama miaka kumi, Bi. Yudith kakaa kitako kwa Mwanaisha mara mbili tu, na sifa zote kachukua yeye. Bi. Yudith akamwamkia kwa heshima zote: "Shikamoo, Mzee Salimu. Lakini miti yenu nani aliiuliza swali?" Kantini nzima ikacheka. Sisi hatukucheka.

Haki isemwe: bila yeye, miti yetu ingekuwa inatunza shamba lisilouza chai. Tunamshukuru. Sasa anarudi Gare, kwenye kahawa na migomba yake, na wivu wetu tunauhamishia kwa watu wa Gare, watakaomwona kila asubuhi bila kustahili.

Bi. Yudith, tunakuombea afya njema na paa lisilovuja. Akipita mtu akatuuliza habari za kuondoka kwako, tutamjibu kwamba ni njema. Itambidi aketi, anywe chai, kisha atuulize tena.