Fundi Antena Aondoke, Rimoti Ibaki

Leo, tarehe thelathini, fundi wa matengenezo wa nyumba yetu ya wazee anastaafu baada ya kututumikia kwa miaka ishirini na minane. Msimamizi alitafuta mtu wa kumwandikia wasifu kwenye jarida hili la wafanyakazi, usomwe pia kwenye sherehe yake ya kuagwa. Muuguzi mkuu alisema amezidiwa na kazi, dobi akasema hajui kuandika, jambo ambalo si kweli, na mlinzi alicheka tu. Kazi ikaangukia jikoni. Kwa hiyo anayeandika haya ni mpishi, na mpishi huyu hajazoea kupika bila chumvi.

Tuanze na haki yake, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fundi alikuja hapa kijana mwembamba mwenye boksi la spana na maneno mengi. Pampu ya maji ikifa, yeye huifufua. Vitanda vyote vya nyumba hii vimepita mikononi mwake na hakuna kinachopiga kelele. Mwaka ule upepo ulipoezua paa la upande wa wanaume, alipanda na turubai mvua ikinyesha, na hakuna mzee aliyelowa. Angeishia hapo, ningeandika ukurasa mzima wa sifa kisha nikarudi kwenye vitunguu vyangu.

Hakuishia hapo. Lilikuja dishi.

Dishi lililetwa na mfadhili, pamoja na king'amuzi kimoja na televisheni nane za zamani zenye migongo minene. Fundi akalipandisha paani, akawa analigeuza huku na huku akitupigia kelele tuliokuwa chini tumwambie kama picha imekuja au bado. Tangu siku hiyo anaitwa Fundi Antena, na jina alilipenda. Kisha akavuta waya kutoka karakana yake, akaupitisha chini ya dari la korido, na kwenye kila mlango akafunga splita, kile kidude kinachogawa waya mmoja kuwa miwili. Karakana yake ikapata, sebule ikapata, jiko langu likapata, na vyumba vitano vya wazee vikapata. Akawakusanya wazee na kuwatangazia kwamba sasa kila chumba kina televisheni yake. Wazee wakapiga makofi.

Jambo moja alisahau kuwaambia. King'amuzi kimoja hutoa chaneli moja tu kwa wakati mmoja, na king'amuzi chenyewe alikifungia kwenye kabati huko karakanani, rimoti akaitia mfuko wa shati. Anachotazama yeye ndicho wanachotazama wote, wapende wasipende. Televisheni nane, mtazamaji mmoja.

Na mtazamaji mwenyewe ana mapenzi yake. Anapenda mieleka. Akichoka na mieleka, anapenda kipindi cha wanaume wenye kofia wanaovua samaki mtoni, wanapiga naye picha, halafu wanamrudisha majini. Kwangu mimi kumvua samaki na kumrudisha majini ni wendawazimu, lakini nimeutazama wendawazimu huo miaka na miaka nikimenya viazi. Tena fundi akishashiba chakula changu cha mchana, husinzia kitini, rimoti ikilala naye, na nyumba nzima inabaki na samaki mpaka aamke. Tuna mzee mmoja aliyekuwa mwalimu mkuu. Leo anajua kila aina ya chambo, na hajawahi kushika ndoana maishani mwake.

Siku moja wazee watatu walijikongoja na fimbo zao hadi karakanani kuomba taarifa ya habari. Fundi aliwapa viti, akawapa somo refu kuhusu mawimbi: eti yanatoka mbali, eti yanafika yamechoka, eti ukibadilisha chaneli ovyo unayachosha zaidi. Wazee wakamshukuru na kurudi vyumbani mikono mitupu. Mimi si fundi, lakini uongo ukipita mbele yangu naujua kwa mwendo wake.

Sasa nifike kwa Bibi Cherehani, maana bila yeye haya yote yangekuwa mzaha tu.

Bibi Cherehani anakaa chumba cha mwisho kwenye korido. Alishona sare za shule maisha yake yote, na homa ilimnyang'anya masikio yeye mwenyewe, wakati mwanawe wa pekee akiwa bado mdogo. Yule mtoto akajifunza kuzungumza na mama yake kwa mikono, kwanza kwa ishara walizobuni wenyewe pale mezani, baadaye kwa lugha ya alama yenyewe, hadi ikawa kazi yake. Leo ni mkalimani kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana. Husimama kwenye kona ya kioo, upande wa kulia, na kuwatafsiria viziwi. Anaishi mbali na kazi ni ya kila siku, kwa hiyo kuja kwake ni kwa nadra.

Ila kila siku taarifa inapokwisha, kabla hajatoweka, kijana hugusa kifungo cha chini cha shati lake mara mbili. Anayetazama atadhani anajiweka sawa. Kumbe ni ishara yao ya nyumbani, ya tangu akitoka shule, na maana yake ni kwamba nimeshakula, mama, usihangaike. Mwanawe alimwahidi hivyo alipoanza kazi, na bibi alinieleza mwenyewe, kwa ile sauti yake ya mtu asiyejisikia, kubwa kiasi kwamba hata dobi alisikia kule uani.

Bibi hakuwa akiliona hilo. Chumba chake kiko mwisho wa waya, na baada ya splita zote zile, kilichomfikia kilikuwa chenga tupu. Hata kisingekuwa chenga, kingekuwa samaki. Nilikwenda karakanani kwa heshima zangu zote nikamwomba fundi aweke habari saa saba na amtengenezee bibi waya. Akanijibu akiwa amekaa, "Mpishi, yule bibi hasikii. Habari za nini?"

Nilikuwa na mwiko mkononi. Mungu ndiye aliyeuzuia.

Nilimfuata msimamizi, naye akatoa amri. Fundi akanung'unika wiki nzima, kisha akavuta waya mpya na kufunga busta ya kuyapa mawimbi nguvu. Mnyonge mnyongeni tena: kazi aliifanya vizuri. Siku ya kwanza muuguzi alimchana bibi nywele, bibi akafunga kilemba chake cha kutokea, tukamsogezea kiti karibu na kioo. Saa saba ikalia. Picha ikaja safi, hakuna hata chenga moja, na uso wa mtangazaji ulikuwa mkubwa kama sinia.

Kwenye kona palikuwa na kiwiko.

Kiwiko, na mara mojamoja vidole viwili vinavyochungulia na kurudi. Mwili wote wa kijana ulikuwa nje ya kioo. Bibi alitazama hadi mwisho bila kupepesa, kisha akasema, "Hicho ni kidole chake. Kilikatwa na mkasi wangu akiwa mdogo, nikakifunga mimi." Chakula chake cha jioni siku ile kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Mambo yenyewe ni rahisi, hata mpishi ameyaelewa. Televisheni zetu ni za kizamani, vioo vyake karibu mraba, na picha za siku hizi ni pana. Ukiiacha picha ilivyo, inaingia yote, ila inabaki na mstari mweusi juu na mwingine chini. Fundi Antena haitaki mistari hiyo. Anasema picha yenye mistari myeusi inafanana na tangazo la kifo, na yeye hawezi kuweka jina lake kwenye kazi kama hiyo. Kwa hiyo alikiamuru king'amuzi kijaze kioo, nacho kikajaza kwa kukata pembeni, kulia na kushoto, vyumba vyote. Nilipomwambia kwamba pembeni ndiko aliko mtoto wa watu, akasema pembeni hakuna cha maana, pembeni ni mapambo.

Tukadhani tutaibadilisha wenyewe. Thubutu! Mipangilio yote ameifunga kwa namba ya siri anayoijua yeye peke yake. Siku alipokwenda kumwona daktari wa meno, muuguzi mkuu, mlinzi na mimi tuliingia karakanani, tukafungua kabati kwa funguo za akiba za mlinzi, na kwa vitufe vya king'amuzi chenyewe tukajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, tukajaribu namba ya simu ya ofisi, tukajaribu kila tulichoweza kukumbuka, hadi king'amuzi kikasusa na televisheni zote zikawa giza. Fundi alirudi na shavu lililovimba, akakifungua akiwa ametupa mgongo tusiione namba, na sijawahi kumwona mtu mwenye maumivu ya jino akiwa na furaha vile. Alisema namba ikijulikana nyumba itageuka soko. Msimamizi naye akatuambia tuvumilie, mzee anakaribia kustaafu, tusimvunjie heshima. Heshima ya nani? Ya bibi haikuulizwa.

Mwezi uliopita kijana alikuja. Alikuwa amekonda, na aliingia moja kwa moja hadi chumba cha mwisho. Nilikuwa pale na sinia la chai. Akamuuliza mama yake kwa mikono, na swali lenyewe lilikuwa wazi hata kwangu nisiyejua lugha hiyo: unaniona? Bibi akamjibu kwa mikono na kwa mdomo, "Nakuona kila siku, mwanangu, na kifungo nakiona." Kisha akageuza uso kuelekea dirishani. Mimi niliweka chai chini nikatoka, na huko korido nililia kwa hasira, si kwa kingine. Mama mzima analazimika kumdanganya mwanawe ili mtu mmoja asione mistari myeusi!

Makabidhiano yalifanyika jana. Fundi amerudisha funguo, ngazi, mashine ya kutoboa ukuta na vipuri vya pampu, vyote vimefutwa mafuta na kupangwa, kama kawaida yake. Rimoti na namba amebaki navyo. Anasema atavitoa mwishoni mwa hotuba yake, baada ya chakula, ili tumkumbuke. Atakumbukwa, hilo asiwe na shaka nalo.

Lakini ratiba ya sherehe iliyobandikwa ukutani imebadilika kidogo, na msimamizi amekubali, safari hii bila kuvumiliana. Hotuba inatangulia na itakuwa fupi. Kabati la king'amuzi limehamishiwa sebuleni asubuhi hii, mlinzi na dobi wamelibeba. Bibi Cherehani ameshavaa kilemba chake na amekaa kiti cha mbele, na wale wazee watatu wenye fimbo wamekaa nyuma yake, safari hii hawakuja kupewa somo. Chakula kiko tayari, sufuria ziko jikoni kwangu zimefunikwa, na mifuniko ina mwenyewe.

Basi, Fundi Antena, wenzako tunakushukuru kwa pampu, kwa vitanda na kwa paa. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na mto wenye samaki wengi, ukawavue na kuwarudisha upendavyo, tena katika televisheni yako mwenyewe isiyogawanywa na mtu. Maisha yako huko uendako yawe mema, na hilo nalisema kwa moyo mweupe, nikijitahidi. Lakini kwanza inuka, andika namba hiyo, uache mistari myeusi ije. Saa saba inakaribia na yupo mtu kule pembeni anayemuaga mama yake kila siku bila kuonekana. Bibi akishakiona kifungo kikiguswa, akajua kwamba mwanawe amekula, hapo nitafunua sufuria, na sisi tutakula.