Ngata ya Mzee Balthazar

Leo, Jumamosi tarehe 25 Oktoba 2025, Mzee Balthazar anastaafu baada ya miaka kumi na saba akiwa mkuu wa chama chetu cha wapiga ngoma wa Kirundi hapa Dallas. Anastaafu kwa mdomo. Miguu bado haijakubali.

Tangu 2008 ametuongoza kwenye maandamano ya maonyesho ya kila mwaka ya jiji. Siku ya maandamano, jamani, hakuna anayetulia! Kabla hujanawa uso ameshakupigia simu mara tatu. Anakagua ngozi za ngoma, anakagua mashuka tunayovaa, kisha anaanza upya. Tukimwambia a-relax kidogo, anauliza nani atahesabu vijiti. Mkewe, Mama Gaudiose, husema aliolewa na feni.

Mwaka wa kwanza waandaaji walitupatia gari la mapambo tupande na ngoma zetu. Alikataa katakata. Ngoma ya kwetu hubebwa kichwani juu ya ngata ya kitambaa, na hupigwa hapohapo watu wakitembea. Shingo zilituuma wiki nzima, lakini tulitembea.

Ngoma ya mkuu hutangulia, na anayeipokea kichwani ndiye mkuu mpya. Mzee aliapa kuibeba mpaka itimie miaka ishirini. Mwaka huu goti lilikataa, daktari naye akamkataza mizigo. Jumamosi iliyopita waandaaji wakaleta tena lile gari. Tuliogopa sana: akipanda, amevunja neno lake, akibeba, ataanguka mbele ya jiji zima.

Alibeba. Hatua kumi hivi, goti likatetemeka, akasimama katikati ya barabara. Sisi nyuma tuliendelea kupiga, roho mkononi. Akamwita Egide, naibu wake, dereva wa foklifti kule DeSoto. Tukaitua ngoma. Mzee akavua ngata yake mwenyewe, akamvika Egide, nasi tukampandishia. Egide alilia waziwazi. Mzee akatangulia mikono mitupu, akarudi kuinyoosha ngata, akatangulia, akarudi tena.

Mzee wetu, asante kwa kutufanya tutembee. Tunakutakia maisha mema, goti zima, na kiti utakachokikalia japo dakika tano. Ila simu zako za alfajri, tafadhali, usiziache. Egide ni mtu mpole. Mwakani atatuacha tulale.

Franck, Katibu