Yahaya Chabani na Sayari Iliyokuwa Ikitukimbia

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bwana Yahaya Chabani atakabidhi ufunguo wa maabara ya fizikia ya lise yetu, baada ya kukaa nao miaka thelathini na minne. Baadhi ya walimu watakaosoma taarifa hii walikuwa bado hawajazaliwa siku alipoupokea. Ameomba kusiwe na hotuba ndefu. Tumemkubalia, na ndiyo sababu tumeamua kuandika.

Yahaya ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa mji wetu. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo sana, akalelewa na dada yake mkubwa, Mwanne, fundi wa cherehani anayejulikana mtaa mzima kwa nguo za harusi. Kwa cherehani hiyo Yahaya alisoma hadi akapata diploma ya A2 ya umeme, ile ya ufundi wa sekondari. Mwaka 1992 akaajiriwa hapa kuwa préparateur wa maabara, yaani mtu anayeandaa vifaa kabla ya somo, kisha kuvitengeneza baada ya wanafunzi kuviharibu. Tangu hapo sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyokula muda wake mwingi.

Mwaka uliofuata mji wetu uliingia katika kipindi ambacho wazee hatupendi kukisimulia. Kulikuwa na couvre-feu, amri ya kutotoka nje usiku. Giza likiingia, kila mtu alikuwa ndani ya ua wake, na mara nyingi umeme haukuwepo. Yahaya na dada yake walikaa uani, redio imepunguzwa sauti, juu yao anga ambalo halikuwa na taa ya kulishinda. Ndipo Yahaya alipoanza kumsomesha nyota. Alimwonyesha ile nyota ya rangi ya njano isiyometameta, ambayo kwa Kifaransa ni Saturne na wazee wa Kiswahili huiita Zohali. Akamweleza kwamba si nyota bali sayari, na kwamba ina pete inayoizunguka, ila jicho tupu haliwezi kuiona.

Mwanne, ambaye mshumaa huuita buji, alimjibu, na jibu lake limebaki kuwa mzaha wa familia hadi leo: "We Yahaya, uko unaniambia vitu vya kuona, na buji ya kuwasha hatuna."

Yahaya akamwahidi kwamba siku moja atamwonyesha pete hiyo. Ahadi za wakati ule zilikuwa nyingi, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kugawa.

Kazini alikuwa mtu wa furaha. Wenzake wa zamani watakumbuka asubuhi aliyoingia getini akiwa amebeba alternata ya gari mabegani, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye koti jeupe la maabara. Alitaka wanafunzi waone kwa macho jinsi mwendo unavyozaa umeme. Mama Danielle, ambaye alikuwa ndiyo kwanza ameteuliwa kuwa mkurugenzi wetu, alidhani fundi aliyemwita amefika, akampa ufunguo wa gari lake. Yahaya aliona vibaya kumkatalia mkubwa mpya. Somo lilichelewa, lakini gari liliwaka, na urafiki wao ulianzia hapo.

Miaka miwili iliyopita, mwanafunzi wetu wa zamani Loïc, anayeishi Ulaya, alituletea darubini. Ni darubini ya bei nafuu, na hilo si aibu. Imekaa juu ya stendi yenye mota mbili na rimoti. Ukiieleza rimoti upo wapi, ni tarehe gani na saa ngapi, kisha ukaielekeza kwenye nyota mbili unazozijua, stendi hutafuta yenyewe chochote unachotaka na kukifuata. Kufuata ni lazima, kwa maana dunia inazunguka, na kila kilicho angani huonekana kikitembea. Darubini inakuza vitu, kwa hiyo inakuza na mwendo wao.

Yetu haikufuata. Zohali iliingia katikati ya kioo, ikakaa kidogo, kisha ikaanza kuteleza kuelekea ukingoni, ikatoka. Mwanafunzi wa kwanza kwenye foleni aliiona, wa pili akaona mkia wake, wa tatu akaona giza. Mama Danielle, aliyekuwa wa tatu, aliinua kichwa akauliza, "Yahaya, hii darubini ni ya kuangalia ao ni ya kuagana?"

Yahaya alicheka na wengine. Hatukujua wakati ule kwamba jambo hilo lilimuuma kuliko linavyoweza kumuuma mfanyakazi kwa chombo cha shule.

Mapema mwaka juzi daktari alikuwa amemwambia Mwanne kwamba presha ya macho imekwisha kulichukua jicho la kulia, na kwamba la kushoto linafuata. Dawa zingeweza kuchelewesha, si kurudisha. Ugonjwa huo huanza kula pembeni mwa macho na kuacha katikati. Mwanne mwenyewe aliueleza kama fundi: alisema anaiangalia dunia kupitia tundu la kifungo. Mtu wa namna hiyo akiweka jicho kwenye darubini, anahitaji muda mrefu kuipata sayari. Anasogeza kichwa huku, anakirudisha kule. Na kila alipokaribia kuipata, stendi yetu ilikuwa imeshaiachia iende. Yahaya alimleta shuleni mara kadhaa. Kila mara Mwanne alisema, "Sioni kitu, ndugu yangu," kwa upole uliomfanya Yahaya atamani angegombezwa.

Basi akaanza kutengeneza. Alihakikisha miguu ya stendi imelala sawa kwa kutumia pima maji. Alirudia kuandika mahali petu kwenye rimoti, akikumbuka kwamba sisi tuko kusini ya ikweta, ingawa kwa umbali mdogo. Alibadilisha betri. Sayari ikaendelea kuteleza.

Ndipo alipoipeleka Buyenzi, kwa rafiki yake Anouar anayetengeneza gieriboksi. Anouar alishika bomba la darubini, akalitikisa kidogo kulia na kushoto, akasema, "Iko na jeu." Mafundi huita jeu ule ulegevu unaobaki kati ya jino la gia na jino linalofuata. Mota inazunguka, lakini kabla meno hayajakutana hakuna kinachosogea, na katika muda huo sayari inaondoka zake. Walifungua stendi, wakaisogeza gia karibu na mwenzake. Mara ya kwanza waliibana mno, mota ikalia kama mbu. Wakailegeza kidogo. Kisha Anouar akafunga buji mbovu ya pikipiki, yaani plagi, nyuma ya bomba kwa utepe mweusi, ili uzito uegemee upande mmoja na kuyaweka meno yakigusana wakati wote. Ni dawa nzuri, na buji hiyo bado ipo pale. Tunaomba asije mtu akaibandua kwa kudhani ni uchafu.

Darubini ikapata nafuu, lakini haikupona. Yahaya alikuwa akifuata kitabu cha maelezo kilichokuja nayo, na kitabu kilisema ungoje hadi sayari ifike juu kabisa, ambako hewa ni safi. Alingoja. Na pale juu, Zohali ikatoroka vibaya kuliko zamani. Alianza kuamini kwamba mota yenyewe imekufa, na kwamba jicho la dada yake litafunga kabla hajapata nyingine.

Mwanzoni mwa Oktoba ya mwaka huo mvua za kwanza ziliosha vumbi la kiangazi. Jumamosi moja, kwa ruhusa ya Mama Danielle, Yahaya aliisimamisha darubini nyumbani, uani kwao. Baada ya swala ya isha Mwanne alitoka na kiti chake cha plastiki, akakiweka nyuma ya darubini na kukaa. Majirani wawili watatu walikuwepo, na Anouar pia, aliyekuja kutazama kazi yake. Zohali ilikuwa upande wa mashariki, imefika nusu ya njia kwenda utosini mwa anga.

Yahaya akamwomba dada yake asubiri hadi ipande.

"Ikipanda, hii bomba inasimama wima, na mi napiga magoti kwa kuchungulia," alisema Mwanne. "Magoti yangu ni ya swala, si ya Saturne. Nionyeshe sasa, niko nimekaa."

"Dada, kitabu kinasema tungoje."

"Mwenye aliandika kitabu ananijua?"

Anouar akasema kwamba kama ni kura, yeye yuko na dada. Yahaya, ambaye hajawahi kumshinda Mwanne katika mabishano, akaielekeza darubini mashariki.

Mwanne akaweka jicho. Akasogeza kichwa huku, akakirudisha kule.

"Uko unaona?" akauliza Yahaya.

"Ngoja."

Wakangoja. Yahaya alikuwa akihesabu moyoni muda ambao kwa kawaida sayari hutoka, na muda huo ukapita.

"Imeenda?"

"Munyamaze kwanza."

Kisha mabega yake yakatulia. Mwaka ule pete ilikuwa imetugeukia kwa ubavu, ikionekana nyembamba sana. Mwanne akasema taratibu, "Ni kama sindano imepita mu shanga." Halafu, bila kuondoa jicho: "Na ni kadogo hivi. Miaka yote ile ulikuwa unanipigia kelele kwa kitu kadogo hivi."

Anouar alipoomba zamu yake aliambiwa aende akaangalie gieriboksi.

Kwa faida ya watakaorithi darubini, tueleze kilichotokea. Stendi ya aina hii ina miendo miwili: kuzunguka kulia na kushoto, na kupanda na kushuka. Ulaya, sayari hupita pembeni mwa anga, kwa hiyo miendo yote miwili hufanya kazi polepole, na ushauri wa kungoja ni mzuri. Hapa kwetu Zohali mwaka ule ilipita karibu kabisa na utosi. Ikifika pale, stendi hulazimika kugeuka nusu duara kwa dakika chache, na mota ya bei nafuu haiwezi. Lakini ikiwa bado mashariki, hapa kwetu sayari hiyo hupanda karibu wima, kama ndoo inayovutwa kisimani. Mwendo wa kupanda hufanya kazi nzima, ule wa kuzunguka wenye gia legevu hupumzika. Kwa hiyo msingoje. Ishikeni ikiwa inapanda. Yahaya huwaambia wanafunzi kwamba alilifahamu hilo kwa sababu ya magoti ya dada yake, na ni kweli.

Jicho la kushoto la Mwanne lilifunga mwaka jana, baada ya Ramadhani. Pete ya Zohali imeanza kufunguka tena, na Oktoba hii itapendeza kuliko ile aliyoiona. Yahaya hatakuwa hapa kutupangia foleni. Maabara itakuwa na mtu mwingine, kijana mwenye elimu nzuri, na sisi tutajizoeza kutogeuza shingo kila mlango unapolia.

Mwezi uliopita tulikwenda kumsalimia Mwanne. Mmoja wetu alimwambia kwamba tunasikitika, pete itakuwa pana na yeye hataiona. Alikuwa akikunja kitambaa kwa vidole, akitafuta upindo.

"Ya kwenu itakuwa inatoka mu kioo," alisema. "Ile yenye nilionaka mi, haitokake tena."

Yahaya, asante kwa miaka yako yote. Nenda ukae na dada yako uani, na jioni zenu ziwe ndefu na zenye heri.

Kwa niaba ya wafanyakazi wa lise,
Herménégilde, mwalimu wa fizikia