Kiatu cha Kupandia Treni ya Angani

Itambulike rasmi kwamba mimi sisikilizi mazungumzo ya watu wazima. Ndani ya basi nilikuwa nimelala, isipokuwa sikio moja lililokuwa zamu.

Mbele yangu fundi viatu alimwonyesha mama aliyeketi naye kiatu cha mtoto chenye soli nene kama tofali. "Tunampeleka binti yangu ng'ambo, kwenye bustani kubwa ya michezo. Anaitaka ile treni ya kupinduka angani, ila kimo hajafika. Ndiyo nimemwongezea."

Mama yule alisema aliwahi kufagia bustani kama hiyo. Hakucheka. "Kaka, kile chuma cha kifuani hakimshiki mtoto mdogo. Atachomoka! Msubiri akue, mwende mwakani."

"Dada, daktari hajatupa mwakani."

Nilikoroma kidogo, kwa heshima.

"Basi apande bembea za watoto."

"Hizo anasema ni za wanaonyonya."

"Na treni ikimtupa?"

Fundi alikibonyeza kiatu. Basi likasimama. Akanigeukia ghafla. "Wewe unayekoroma huku unalia, ungekuwa baba yake ungemvalisha?"

Nilikiri tu kwamba sikuwa nimelala. Fundi akateremka na kiatu chake.